Saadani: Bandari Iliyogeuka Pori

Mkabala na kisiwa cha Unguja, ng'ambo ya mkondo wa bahari wenye upana wa yapata kilomita 40, kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Saadani. Nyumba zake si nyingi, na nyuma yake nyika huanza palepale mchanga unapokoma. Kiboko hutoka mtoni usiku kula nyasi, simba huunguruma kwa mbali, na si ajabu kwa mvuvi anayeshuka pwani alfajiri kukuta nyayo za nyati katika mchanga uleule ambao jioni yake watoto walikuwa wakichezea mpira.

Eneo hilo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Saadani, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,100 katika mikoa ya Pwani na Tanga, kaskazini mwa Dar es Salaam. Watalii huelezwa kwamba hii ndiyo hifadhi pekee ya taifa nchini Tanzania ambamo wanyama wakubwa wa nyika hukutana na Bahari ya Hindi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Katika kijiji kumesalia magofu ya boma la Wajerumani na makaburi ya kale, na mwenye kusoma maandishi ya karne ya 19 atakuta jina la Saadani likitajwa sambamba na Bagamoyo na Pangani, miongoni mwa bandari zilizogombania misafara ya pembe za ndovu kutoka Unyamwezi. Pori linaloonekana leo, kwa sehemu kubwa, lina umri mdogo kuliko mji uliolitangulia. Namna bandari ilivyogeuka kuwa pori ni kisa kinachostahili kusimuliwa kwa urefu, kwa sababu mzozo unaoendelea juu ya ardhi hiyo hauwezi kueleweka bila kisa hicho.

Pwani hii, ambayo wenyeji wa visiwani waliiita Mrima, ilikuwa na miji tangu zamani. Wareno walipotawala bahari hii katika karne ya 16 na ya 17 waliufahamu mji wa Utondwe, uliokuwa karibu na mlango wa Mto Wami, kusini kidogo mwa Saadani. Utondwe haukuwa kitongoji cha kupuuzwa. Jamaa ya watawala wake ilioana na ile ya Unguja, na Malkia Fatuma, aliyetawala Unguja mwishoni mwa karne ya 17, alikuwa mke wa mfalme wa Utondwe. Hapo palikuwa na jamaa moja yenye mguu mmoja kisiwani na mguu mwingine Mrima, jambo ambalo halitamshangaza Mzanzibari yeyote mwenye shangazi Bagamoyo au Pangani. Mji huo ulififia, na mahali pake panajulikana zaidi siku hizi kwa mashamba ya chumvi, ambako heroe hukusanyika kwa mamia kutafuta chakula katika maji ya chumvi yaliyotuama.

Bara ya pwani hiyo ndiko kwao Wazigua. Historia yao katika karne ya 19 ina kipande kimoja kinachofika mbali sana na Saadani. Katika miaka ya 1830 ukame ulileta njaa kali, na watu wengi wa Uzigua walichukuliwa kwa majahazi kupelekwa kaskazini, wengine wakidanganywa kwa ahadi ya kazi na chakula, wakauzwa utumwani katika pwani ya Somalia. Baadaye kundi kubwa lilitoroka likijificha katika misitu ya Mto Juba, chini ya uongozi wa mwanamke ambaye mapokeo yanamwita Wanakhucha. Wajukuu wa watoro hao hawakuiacha lugha yao. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 viliwatawanya tena: wengine walirudi Tanzania na kupewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na kisha uraia; wengine walikuwamo miongoni mwa takriban watu 12,000 wa jamii za Wabantu wa Somalia waliopokewa Marekani kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000. Hivyo basi Kizigua, lugha ya nyika iliyo nyuma ya Saadani, kinasikika hadi leo katika miji ya Marekani, midomoni mwa watu ambao babu zao hawajaiona Mrima kwa zaidi ya miaka 150.

Waliobaki Uzigua walijifunza kutokana na njaa ile. Walijipatia bunduki, wakajenga vijiji vyenye maboma, na wakuu wao wakaingia katika biashara ya misafara. Saadani ikawa mlango wao wa bahari. Pembe, ngozi na mpira zilishuka. Nguo, baruti na shanga zikapanda. Bendera ya Sultani wa Zanzibar ilitambulika pwani nzima, lakini amri yake Saadani ilikuwa hafifu, kama itakavyoonekana.

Wazungu wa kwanza waliotaka kuifanya Saadani kuwa lango la bara hawakuwa wafanyabiashara bali wamisionari. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society, aliyekuwa amefanya kazi kusini mwa Afrika na kuzoea magari ya kukokotwa na ng'ombe, alishuka Saadani akiwa na wazo lililoonekana la busara. Gharama kubwa ya safari za bara ilikuwa ujira wa wapagazi. Kwa nini mizigo isibebwe na ng'ombe? Alisafiri na ng'ombe wachache kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akarudi akiwa na hakika kwamba njia ni salama. Mwaka uliofuata, Alexander Mackay wa Church Missionary Society, ambaye baadaye alipata jina Uganda, alisimamia ukataji wa barabara ya yapata kilomita 370 kutoka pwani ya Saadani hadi Mpwapwa. Magari yakaletwa. Msafara wa London Missionary Society wa mwaka 1877, uliokuwa ukielekea Ujiji, ukaondoka kwa matumaini makubwa.

Ng'ombe wakafa. Hawakufa wote siku moja wala mahali pamoja. Walikonda, wakadhoofika, wakaanguka njiani mmoja baada ya mwingine, na magari yakaachwa porini. Mwuaji alikuwa mdudu asiyezidi nzi kwa ukubwa: mbung'o, anayeeneza ugonjwa wa nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao Price alitaka kuwapokonya kazi, wakaendelea kubeba mizigo kama kawaida. Jina la mdudu huyo halina budi kukumbukwa, kwani katika historia ya Saadani atarudi tena, na katika kila pambano atashinda.

Mtu aliyeitawala Saadani katika miaka hiyo aliitwa Bwana Heri bin Juma. Alikuwa Mwislamu, mwenye lugha na adabu za pwani, lakini nguvu zake zilitoka kwa Wazigua wa bara na kwa urafiki wake na wafanyabiashara wa Kinyamwezi. Katika miaka ya mwanzo ya 1880 majeshi ya Sultani Barghash yalipojaribu kumtia adabu, aliyashinda. Wenyeji na wageni walimhesabu kuwa mtawala anayejitegemea, na yeye mwenyewe hakuona sababu ya kudhani vinginevyo.

Kwa hiyo mwaka 1888, Sultani Khalifa alipoikodisha pwani ya bara kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, Bwana Heri aliona kwamba kimekodishwa kitu ambacho mwenye kukodisha hakuwa nacho. Mwezi Agosti mwaka huo maafisa wa kampuni walipandisha bendera yao katika bandari za Mrima kwa ufidhuli uliowaudhi hata wale waliokuwa tayari kufanya biashara nao. Pangani ikalipuka kwanza. Katika muda wa wiki chache pwani karibu yote ilikuwa imeinuka, na kampuni ikabakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Vita hivyo hutajwa mara nyingi kwa jina la Abushiri bin Salim wa Pangani, na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivitungia utenzi ambao ni miongoni mwa kumbukumbu muhimu za Kiswahili za zama hizo. Bwana Heri hupewa nafasi ya pili. Pengine ni kwa sababu Abushiri alikufa kifo cha shujaa, akinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na watu hupenda kisa chenye mwisho ulio wazi. Lakini ukweli ni kwamba Abushiri aliponyongwa, Bwana Heri alikuwa bado vitani, na jeshi la Wajerumani lilikuwa bado halijapata njia ya kumshinda.

Hermann von Wissmann, aliyetumwa na serikali ya Ujerumani kuizima vita hiyo, alileta askari wa Kisudani waliokusanywa Misri, askari kutoka Msumbiji na mizinga ya kisasa. Juni 1889 manowari zake zikaishambulia Saadani kutoka baharini na mji ukateketea. Bwana Heri hakuupigania mji usiokingika. Aliondoka na watu wake kuingia nyikani, akajenga boma la miti minene mahali palipoitwa Mlembule, lililozungukwa na vichaka vya miiba ambavyo ni njia chache tu zilizovipenya. Wajerumani walipolishambulia mwishoni mwa Desemba walirudishwa nyuma. Ilibidi Wissmann mwenyewe aje, Januari 1890, akiwa na mizinga na kikosi kikubwa zaidi, ndipo boma likaanguka. Bwana Heri alirudi nyuma zaidi, akajenga tena, akapigwa tena.

Kilichomshinda hatimaye ni njaa. Mashamba hayakulimwa kwa misimu, biashara ilikufa, na watu waliokuwa naye walidhoofu. Aprili 1890 alishuka Saadani kufanya amani. Walioshuhudia waliandika kuhusu wafuasi waliokonda kiasi cha kushindwa kusimama wima. Wajerumani hawakumnyonga. Walimruhusu aujenge upya mji wake, kwa kuwa walimhitaji mtu ambaye Wazigua na Wanyamwezi wangemsikiliza ili misafara irudi. Misafara ilirudi kidogo, lakini amani hiyo haikudumu. Mwaka 1894 Bwana Heri aliinuka kwa mara nyingine, akashindwa, na akakimbilia Unguja.

Huenda msomaji akadhani kwamba hapo ndipo historia ya wanadamu inapokoma na historia ya wanyama inapoanza. Sivyo, mambo yalikwenda polepole, na kwa njia ya kusikitisha zaidi. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu maeneo ya Uzigua na Handeni, ameeleza kwamba kabla ya ukoloni wakuu wa Kizigua waliyatumia mapato ya biashara kuwahifadhi watu wao: ukame ulipokuja, aliyekuwa na akiba aliwalisha wasio nacho, na kwa hivyo watu hawakutawanyika. Watu wakikaa pamoja, mashamba hulimwa, vichaka hukatwa, moto huchomwa kwa wakati wake, na mbung'o, anayependa kivuli cha vichaka, hubaki mbali na makazi. Mwingine aliyetangulia kuandika kwa mwelekeo huo ni Helge Kjekshus, mwaka 1977, ingawa wapo wanaosema kwamba aliipaka rangi nzuri mno hali ya kabla ya ukoloni.

Utawala wa Kijerumani ulivunja mpango huo katika viungo vyake vyote. Wakuu walipoteza biashara, kisha wakapoteza mamlaka. Katikati ya miaka ya 1890 nzige walikula mazao, na hapakuwa tena na mtu mwenye ghala la kuwagawia wengine. Watu walikufa au walihama. Shamba lililoachwa kwa misimu mitatu huwa kichaka, na kichaka kikishakuwa kikubwa humkaribisha mbung'o. Mbung'o akishafika, ng'ombe hawawezi kurudi. Na pasipo ng'ombe wala jembe, kichaka huzidi. Kwa maneno ya leo tungesema mazingira yaliharibika. Kwa macho ya swala na ndovu yalitengenea.

Reli ndiyo iliyomaliza kazi. Ile ya kaskazini ilianzia Tanga mwaka 1893 na ile ya kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Saadani ilikuwa katikati ya reli mbili bila kuguswa na hata moja. Mnyamwezi aliyekuwa akitembea miezi mitatu na pembe begani hakuwa na sababu tena ya kupita hapo. Mji ukarudi kuwa kijiji cha kuvua kamba.

Inafaa hapa kusimama kidogo juu ya maneno. Kiswahili kina pori, nyika, mbuga, msitu na mwitu, na kila neno lina picha yake, lakini hakuna hata moja ambalo maana yake ni ardhi isiyo na mwenyewe. Porini ndiko mtu anakokwenda kutafuta kuni, asali, dawa na kitoweo, kisha akarudi. Wazo la pori ambalo binadamu haruhusiwi kuwamo lilikuja na sheria za wanyama za wakoloni na likarithiwa na serikali huru. Katika miaka ya 1960 eneo la Saadani lilitangazwa kuwa pori la akiba. Kwa sheria za pori la akiba, uwindaji wa vibali uliwezekana, na vijiji vya wavuvi viliendelea kuwa mahali pake.

Kaskazini mwa pori hilo, wakati huohuo, lilikuwa likifanyika jaribio ambalo Roger Price angelitambua mara moja. Katika miaka ya 1950 kampuni iliyomiliki mashamba ya mkonge mkoani Tanga ilianzisha ranchi ya ng'ombe Mkwaja, kwa ajili ya kuwapatia nyama wafanyakazi wake. Maelfu ya ng'ombe wakaletwa katikati ya makazi ya mbung'o. Safari hii sayansi ilikuwapo: vichaka vilifyekwa, ng'ombe walidungwa sindano za kinga, na kila usiku walifungiwa katika maboma kwa hofu ya simba. Kwa muda ilionekana kwamba binadamu ameshinda. Kisha vimelea vya nagana vikaanza kuwa sugu dhidi ya dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yakajengwa matumaini mapya juu ya majosho yenye dawa ya kuua mbung'o, na hali ikapata nafuu kubwa. Lakini gharama hazikupungua, vichaka vya migunga vilizidi kuota kila mahali nyasi zilipokanyagwa, na bei ya mkonge duniani ilikuwa imekwisha kuanguka tangu zamani. Mwaka 2000 ranchi ilifungwa.

Kusini mwa Mto Wami ranchi nyingine, iliyomilikiwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na kujulikana kwa kifupi kama RAZABA, nayo ilikuwa imekwisha kufa kabla ya hapo.

Watafiti wa chuo cha ETH cha Zurich, Uswisi, waliofanya kazi Mkwaja baada ya ng'ombe kuondoka, walikuta jambo la kuvutia. Mahali yalipokuwa maboma ya usiku, samadi ya miaka mingi ilikuwa imerutubisha udongo, na nyasi zilizoota hapo zilikuwa fupi na zenye lishe kuliko za nyika yote. Ngiri walikuwa wameligundua hilo kabla ya wanasayansi. Walikuwa wakila katika viwanja vilevile vya ng'ombe, kwa faida ya shughuli ya binadamu iliyoshindwa. Huko kwingine migunga ilisimama kama jeshi, kila mti na miiba yake. Ukiambiwa kwamba mandhari hii ni ya asili, haikuguswa na mtu, basi umeambiwa na mtu asiyeifahamu.

Ranchi ya Mkwaja, pori la akiba la Saadani na msitu wa Zaraninge viliunganishwa, na mwaka 2005 hifadhi ya taifa ikatangazwa rasmi katika gazeti la serikali. Thamani yake kwa upande wa viumbe haihitaji kutiwa chumvi. Zaraninge ni mabaki ya misitu ya pwani ambayo zamani ilitanda vipande vipande kutoka Somalia hadi Msumbiji; mimea yake kadhaa haipatikani popote nje ya ukanda huo. Palahala wa Saadani ni wa aina ndogo ya pwani ambayo nchini Kenya imesalia katika milima ya Shimba peke yake. Kandokando ya Wami, mbega huruka katika miti mirefu juu ya vichwa vya viboko na mamba, na mto unapokaribia bahari mikoko huanza, ambayo mizizi yake ni kitalu cha kamba wanaovuliwa na kijiji. Kamba hao ndio waliowapa watu wa Saadani riziki walipokosa misafara. Meli kubwa za kukokota nyavu nazo ziliwafuata, zikipita karibu na pwani na kukata nyavu za wadogo, hadi uvuvi huo ulipokithiri na serikali ikausimamisha kwa miaka kadhaa kuanzia mwishoni mwa muongo wa 2000.

Kisha kuna kasa. Nje ya Pangani kulikuwa na kisiwa kidogo cha mchanga na miti, Maziwe, ambacho katika miaka ya 1970 kilihesabiwa kuwa mahali muhimu kuliko pote nchini pa kutagia kasa. Miti yake ikatoweka, mchanga usiokuwa na mizizi ya kuushika ukachukuliwa na mawimbi, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 Maziwe ilikuwa fungu linalofunikwa wakati wa maji makuu. Kasa wanaopanda hapo mayai yao huzama. Kwa sababu hiyo ufukwe wa Madete, ndani ya Hifadhi ya Saadani, umekuwa na uzito ambao haukuwa nao zamani: ni miongoni mwa fukwe chache za bara ambako kasa wa kijani bado hutaga katika giza, bila taa wala kuta za hoteli mbele yao.

Kutoka pori la akiba kuwa hifadhi ya taifa kunaweza kuonekana kama mabadiliko ya jina tu. Kisheria tofauti ni kubwa. Katika hifadhi ya taifa hapana makazi, hapana mashamba, hapana uwindaji. Na mpaka mpya, kama ulivyochorwa, uliwakuta watu wa Uvinje, kitongoji cha kijiji cha Saadani kilicho ufukweni. Mamlaka za hifadhi zimeshikilia kwamba eneo hilo lilikuwa ndani ya pori la akiba tangu mwanzo, na kwamba ulinzi wa wanyama na wa fukwe hauwezekani kukiwa na vijiji ndani ya mpaka. Wanakijiji wana maelezo mengine. Wanasema kwamba katika miaka ya 1960 ni wazee wao walioikaribisha serikali ije iwasaidie kuwazuia majangili, kwa makubaliano kwamba makazi yao hayataguswa, na kwamba ramani zilizofuata zilikuwa zikipanuka bila wao kuulizwa.

Mzozo huo umeandikwa na watafiti na kufuatiliwa na mashirika ya haki za ardhi kwa miaka mingi. Kwa mtu anayeijua historia ya mahali hapa, hoja kwamba wavuvi wa Uvinje ni wavamizi wa pori ni ngumu kuikubali. Ni ngumu vilevile kuudharau wasiwasi wa wahifadhi, kwani wameona kilichotokea katika fukwe nyingine za Mrima pale ulinzi ulipokosekana: kwanza huja mvuvi, kisha mnunuzi wa kiwanja, kisha ukuta. Kinachouma Uvinje ni kwamba wao wanahesabiwa kuwa sawa na yule wa tatu. Nao wanaona nyumba za kitalii zikiruhusiwa katika ufukwe uleule.

Hatari nyingine imetoka bara. Katika ardhi ya iliyokuwa RAZABA, kampuni kutoka Sweden ilipanga kulima miwa kwa maelfu ya hekta, kwanza kwa ajili ya nishati ya magari na baadaye kwa sukari, kwa kutumia maji ya Wami. Mradi huo ulisuasua kwa takriban miaka kumi. Mwaka 2016 serikali iliusimamisha, ikitaja miongoni mwa sababu zake maji ya mto na wanyama wa Saadani. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 kumekuwa na kazi ya kujenga barabara ya lami ya kuiunganisha Bagamoyo na Tanga kupitia Pangani, njia ambayo kwa zaidi ya miaka mia moja ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na haipitiki wakati wa masika. Upweke wa Saadani ulianza reli zilipoikwepa. Barabara hii ndiyo ya kwanza kuirejea.

Wazee wa Saadani na Mkwaja wameisubiri kwa hamu. Mgonjwa atafikishwa hospitali, na kamba watafika sokoni kabla barafu haijayeyuka. Walinzi wa hifadhi wanahesabu jambo jingine: wanyama wangapi watagongwa usiku, na viwanja vingapi vitaulizwa bei pembeni mwa lami.

Mbung'o bado wapo. Mgeni anayeingia hifadhini kwa gari lenye madirisha wazi huonywa na mwongozaji avifunge, hasa asubuhi na magharibi, na asivae nguo za buluu wala nyeusi, kwani rangi hizo huwavuta. Ufukweni, ambako upepo wa bahari huwazuia, wavuvi husukuma ngalawa majini, na zile zenye safari ndefu hukata mkondo kuelekea Unguja, kwenye maji yaleyale aliyovuka Bwana Heri.